Nundu ya Nkwabi

Shingo ya Nkwabi ilianza kunenepa mwaka wa pili wa ndoa, na mtu wa kwanza kuigundua habari hiyo alikuwa mkewe Sabina, kwa kuwa yeye ndiye mwenye tepu. Sabina ni fundi cherehani, ana kibanda chake Mkuyuni karibu na soko, na kila mteja ana ukurasa wake kwenye daftari la vipimo: kifua, kiuno, mkono, shingo. Shingo ya mumewe ilianza na sentimita thelathini na nane. Baada ya nusu mwaka akaandika arobaini na mbili. Ilipofika arobaini na sita aliweka kalamu nyuma ya sikio, akamzunguka mumewe kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, akamuuliza kama humo ndani amepangisha mtu.

Nkwabi akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka kwa sauti nene, sauti ambayo hakuja nayo kwenye ndoa.

Kazi yake ilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Ilemela, akisimamia mitumbwi minane ya tajiri mmoja ambaye ziwa lenyewe alikuwa hajaligusa kwa kidole tangu apate gari. Kila asubuhi Nkwabi alifunua makasha ya barafu kutazama sangara waliomo. Yakiwa na nafasi alipiga simu mbili, moja kwa wavuvi wa sangara na ya pili kwa wavuvi wa dagaa: tokeni. Yakiwa yamejaa aliwapigia hao hao: pumzikeni. Dagaa hakuwaangalia kamwe. Aliamini sangara wakiwepo, ziwa liko vizuri, na ziwa likiwa vizuri dagaa nao wapo.

Shingo ile ilimpa heshima kubwa pale mwaloni. Walisema siku aliyopiga chafya, mitumbwi miwili ilikata kamba. Walisema alimnyanyua sangara wa kilo tisini kwa kidole cha shahada, na sangara mwenyewe akaomba ashushwe taratibu. Nkwabi hakukanusha. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole hapendi kuwakatisha wenzake wanapozungumza.

Ila miaka mitatu na miezi minne ya ndoa ilikuwa imepita, na ile nyumba yao ya Buswelu ilikuwa bado haijasikia mtoto akilia. Kulikuwa na chumba kidogo walichokipaka rangi ya manjano mwezi wa pili tu wa ndoa. Sasa kilikuwa na vyuma vya mazoezi.

Kwa kuwa shingo kama ile haiwezi kutiliwa shaka, watu walimtazama Sabina. Mashangazi wa Nkwabi walileta mizizi. Walileta ya kuchemsha na ya kutafuna, wakaleta na mmoja mchungu kiasi kwamba paka aliyelamba kikombe alihama mtaa. Sabina alikunywa. Kila Jumapili baada ya kanisa mashangazi walikaa kwenye makochi wakimtazama koo linavyopanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Hospitali alishakwenda mara mbili, wakamwambia hana tatizo, amlete mume. Na kila alipolisema hilo, Nkwabi aliigeuza shingo, jambo lililochukua muda kidogo, akauliza mtu kama yeye akapimwe nini.

Tusimlaumu upesi. Marehemu baba yake, mzee Luhende, alikuwa na ng'ombe kule Magu, na dume lake liliitwa Trekta. Nundu ya Trekta ilikuwa kubwa hivi kwamba, kwa masimulizi ya familia, mvua ikinyesha ndama wanne walijikinga upande mmoja, na upande wa pili pakabaki pakavu pa kuanikia mihogo. Luhende alimfundisha mwanawe kuchagua dume mnadani. Pembe ni mapambo, alisema, tazama nundu. Dume akihasiwa nundu hushuka, shingo hukonda, anabaki maksai wa kuvuta jembe. Nkwabi alilishika somo hilo vizuri, ila alipolibeba kulileta mjini likapinduka njiani. Kama asiye na mbegu hana nundu, aliwaza, basi mwenye nundu kubwa ana mbegu nyingi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ulipopita bila habari njema, hakwenda kupima. Alikwenda kutafuta nundu.

Ilipatikana Kiseke, nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye ukumbi wa mazoezi wa kijana mmoja aitwaye Obedi. Mikono ya Obedi ilikuwa imekataa kushuka. Ilikaa pembeni kama ya mtu aliyebeba madebe mawili ya maji. Obedi alimweleza kwamba chuma peke yake ni safari ndefu, lakini ipo sindano. Ndani yake kuna testosteroni, homoni yenyewe ya uanaume, ile inayomwotesha mvulana ndevu na kumvunja sauti. Moja kila Ijumaa, kwenye paja. Nkwabi aliuliza swali moja tu, kama inaongeza. Obedi akamjibu kwamba inaongeza kila kitu.

Na kweli iliongeza. Iliongeza kifua, iliongeza mikono, iliongeza chunusi mgongoni kama mtu wa kidato cha pili, iliongeza na hasira ndogondogo za kugombana na foleni. Ni kitu kimoja tu ambacho hakikuongezeka, tena kilipungua. Mizigo yake miwili ya asili, iliyokuwa mayai ya kuku wa kienyeji, ilikuwa inaelekea kwenye mayai ya kware. Aliliona hilo bafuni, akajipa moyo kwamba ni macho tu. Paja likinenepa, alijiambia, vya jirani lazima vionekane vidogo. Sabina, ambaye ndiye aliyemshonea suruali, alikuwa na mawazo yake. Lakini fundi mzuri hasemi kila anachokipima.

Mambo yangeendelea hivyo kama si bibi Paskazia kufika kutoka Magu. Huyu alikuwa mama yake Luhende, miaka themanini na moja, ameletwa mjini kutibiwa macho. Macho yalitibiwa kwa wiki moja, na kwa kuwa sasa alikuwa anaona, akaamua kukaa aone zaidi. Kama ilivyo kwa bibi na mjukuu, Nkwabi alikuwa mume wake, na Sabina alikuwa mke mwenzake, na nyumba nzima ilikuwa mali yake ya utani.

Siku ya kwanza alimtazama Nkwabi akiingia mlangoni kwa ubavu. Jumapili akamkuta Sabina na kikombe mbele ya mashangazi. Akakipokea, akakinusa, akanywa nusu, akasema anampunguzia mke mwenzake mzigo. Jumapili iliyofuata akafanya hivyo hivyo. Jumapili ya tatu, mashangazi walipokwisha kuondoka, alimwita Nkwabi sebuleni.

"Mume wangu," alisema, "dawa hizi nazinywa wiki ya tatu leo. Nikishika mimba na umri huu, uso wako utauficha wapi?"

Sabina alitoka akaenda jikoni, na huko ikasikika sufuria ikianguka bila sababu.

"Bibi, mambo hayo ni ya wanawake," alisema Nkwabi.

"Baba yako alikuwa na majike ishirini na sita. Mwaka mmoja hawakushika. Unadhani alikaa kumchemshia kila jike mizizi? Alikwenda kumtazama dume."

Nkwabi akaivimbisha shingo. "Basi si unitazame."

"Nimekutazama. Nundu nimeiona. Nenda kapimwe nisichokiona."

Alikubali, na alikubali kwa sababu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alifikiri ataleta karatasi yenye muhuri, aibandike ukutani, bibi ameze maneno yake. Jumatatu akavaa shati lililombana zaidi akaenda kwenye kliniki moja ya uzazi mjini. Alipopewa kikopo chenye kifuniko cha bluu alikitazama kwa huruma, akamuuliza nesi kama hawana saizi nyingine. Nesi akamwambia ajaribu hicho kwanza.

Siku ya majibu alipokewa na Daktari Agutu, mama wa makamo kutoka Rorya, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Nkwabi akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akimhamisha kiti, akae kile cha chuma, kwa maana cha mbao alikuwa bado anakihitaji. Kisha akasoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

"Sindano ulianza lini, baba?"

Nkwabi alikuwa hajamtajia mtu yeyote habari za sindano. Aliangalia mlangoni, akaangalia dirishani. "Nani amekwambia?"

"Shingo yako. Na karatasi hii."

"Karatasi inasemaje, mama?"

"Inasema hakuna mbegu. Tumetafuta kwa hadubini mara mbili. Hakuna hata moja."

Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, Nkwabi aliuhisi uzito wa shingo yake. Akafanya alichojua, akaanza kumtetea Trekta. Alimweleza daktari juu ya nundu, ndama na mihogo, na maksai anavyokonda, na jinsi marehemu baba yake alivyokuwa hakosei mnadani hata siku moja. Daktari Agutu alisikiliza mpaka mwisho, maana kwao Rorya nao wanafuga.

"Baba yako alisema kweli," alisema. "Nundu inakuonyesha kwamba homoni ipo. Haikuonyeshi imetoka wapi."

Akachukua karatasi safi, akachora kichwa cha mtu, kichwa kibaya kidogo, na chini ya ubongo akatia nukta. Hiyo, alimweleza, ni tezi, ukubwa wake kama punje ya njegere, na kwa habari za uzazi ndiyo bosi. Inatuma homoni mbili, zinasafiri ndani ya damu mpaka kwenye korodani. Moja inaziamsha chembe zinazotengeneza testosteroni. Nyingine inaziamsha chembe zinazolea mbegu. Baada ya hapo bosi anakaa kule juu anaionja damu. Akikuta testosteroni imepungua, anatuma ujumbe zaidi. Akikuta imejaa, ananyamaza.

Nkwabi aliitazama ile nukta bila kuielewa. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani. Akamwambia: mwalo, makasha, simu mbili. Daktari akaweka kalamu mezani taratibu, kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa anakitafuta siku nyingi.

"Basi tezi ni wewe," alisema. "Sasa niambie. Makasha yako yakijazwa sangara wa kuletwa kutoka mwalo mwingine, unafanya nini?"

Nkwabi akaitazama tena ile nukta. Jambo hilo lilikuwa limemtokea. Mwaka juzi tajiri alipata sangara wa rahisi kutoka kisiwa cha Kome, boti ikawa inawaleta kila alfajiri, wiki sita mfululizo. Kila asubuhi yeye alifunua makasha, akakuta yamejaa, akapiga simu: pumzikeni. Mitumbwi minane ikalala mchangani, jua likazikausha mbao mpaka zikaachana. Boti ya Kome ilipoacha kuja, akawapigia wavuvi watoke. Ile mitumbwi ilipogusa maji iliyaingiza kama vikapu, na ule mmoja wa zamani, mkubwa kuliko yote, ulizama na heshima zake zote hatua tano kutoka ufukweni.

"Nawaambia wapumzike," alisema hatimaye.

"Wa sangara?"

"Wote."

"Na wa dagaa?"

"Dagaa siwaangalii, mama. Naangalia makasha."

Daktari Agutu akatikisa kichwa, si kwa kumlaumu, ila kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amemaliza hesabu mwenyewe. Akamwongezea kipande kimoja tu kilichobaki. Mbegu, alisema, hupikwa ndani ya korodani kwa testosteroni inayotengenezwa humo humo, nyingi mara kadhaa kuliko ile ya kwenye damu. Ile ya sindano inajaza damu, inajaza misuli, inajaza shati. Kule jikoni kwenyewe haifiki ya kutosha. Sangara wa Kome wanajaza makasha, lakini hawawezi kushika wavu wakaenda kuvua dagaa.

Nkwabi aliuliza swali lake kwa sauti ndogo, ile ya zamani. "Mitumbwi ndiyo imekufa?"

"Wengi hupona. Unaacha sindano, na mimi nitakuwa nakupima. Bosi akiamka, mbegu moja tangu ianze kupikwa mpaka ikamilike ni kama miezi miwili na nusu. Kwa hiyo hesabu miezi sita, pengine mwaka, pengine zaidi. Kuahidi, siahidi. Na utajisikia vibaya, baba. Nguvu zitashuka, hamu itashuka, nundu itashuka. Ukijisikia vibaya uje hapa, usirudi Kiseke."

"Sikukutajia Kiseke."

"Wewe ni wa nne mwaka huu."

Akamuuliza jambo moja la mwisho, kama kabla ya sindano alikuwa amewahi kupima. Nkwabi akasema hapana. Daktari akaikunja ile karatasi yenye kichwa kibaya, akampa. Basi, alisema, hatutajua kamwe. Pengine ulikuwa mzima tu, ukahitaji subira.

Hilo ndilo lililomfuata mpaka nje. Sifuri aliweza kuibeba, lakini lile neno "pengine ulikuwa mzima tu" halikubebeka. Alitembea kwa miguu hadi Mkuyuni, na watu walimpisha njia kwa ajili ya mabega yake, bila kujua kwamba ndani yake anapita mtu mdogo kabisa.

Sabina alikuwa anapinda sketi ya sare ya shule. Nkwabi akakaa kwenye benchi la wateja, benchi likalia. Akamweleza yote tangu Trekta hadi Obedi, tangu Ijumaa ya kwanza hadi hadubini, na kadiri alivyoeleza ndivyo mguu wa Sabina ulivyozidi kupunguza mwendo kwenye pedali, mpaka cherehani ikasimama.

"Miaka miwili," alisema Sabina. "Ile mizizi nimeinywa miaka miwili."

"Najua."

"Hujui. Hujaionja." Akaukata uzi kwa meno. "Suruali zako nilikuwa naziangalia. Kila mahali nimekuongezea kitambaa, isipokuwa pale ambapo kila mwanaume naacha nafasi. Nikasema labda nakosea kupima."

Nkwabi akainama. Sabina akauliza sindano zilizobaki ziko wapi. Chumba cha manjano, kwenye boksi la viatu. Akauliza nani mwingine anajua. Daktari na Obedi. Akauliza mashangazi watajua lini. Hapo Nkwabi akaichukua tepu akaanza kuikunja, maana kumwambia mke ni jambo moja, na kuwaambia mashangazi watatu walioketi kwenye makochi yako mwenyewe ni jambo jingine. Sabina hakumsaidia. Aliigeuza sketi, akatafuta upindo, akaanza tena kushona. Mwanaume akaelewa kwamba cherehani ile haitasimama tena mpaka yeye aseme.

"Jumapili," alisema. "Kikombe kikifika nitakipokea mimi."

Na Jumapili alikipokea. Mashangazi walikuwa wamekaa, Paskazia kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nkwabi alisimama katikati ya sebule, akasema kwamba tatizo ni lake, kwamba amelitengeneza kwa mikono yake mwenyewe na kwa paja lake mwenyewe, na kwamba kuanzia siku hiyo Sabina asiletewe hata jani. Kisha akainua kikombe, akakinywa chote. Uso wake ulipita rangi ambazo hazijapewa majina. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyejua ni ya toba au ya mzizi.

"Mwongezeeni," alisema Paskazia. "Mwenzake kanywa miaka miwili."

Wakamwongezea.

Kisha nundu ikaanza kushuka, na haikushuka kwa siri. Sabina aliandika arobaini na nne, akaandika arobaini na mbili, na kila mwezi akawa anazipunguza zile nguo alizokuwa ameziongeza. Pale mwaloni walimuuliza lile shati ameazima kwa nani. Walisema sangara wa kilo tisini amerudi kudai heshima yake. Kulikuwa na wiki ambazo Nkwabi alichoka kabla ya kuamka, na wiki moja alilia kwa sababu ya tangazo la sabuni redioni. Nguvu za chumbani nazo zilikwenda likizo bila kuaga. Sabina akamwambia hana neno, yeye ameshazoea kusubiri, sasa wasubiri wawili.

Mwezi wa tatu daktari akapima: hakuna. Mwezi wa sita: hakuna. Siku hiyo Nkwabi hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alijikuta Kiseke, nyuma ya mashine ya kusaga, amesimama unga ukimdondokea kichwani, akisikia vyuma vikigongana ndani. Sindano moja tu, aliwaza, angalau niwe dume la kutazamwa, kuliko kukosa vyote viwili. Obedi akatoka, mikono pembeni. Akamtazama juu mpaka chini kama anayeitazama nyumba iliyobomolewa. Nkwabi alingoja maneno ya muuza sindano.

"Kaka," alisema Obedi kwa sauti ya chini, "huyo daktari wako yuko wapi? Mimi na Janet ni mwaka wa tano."

Nkwabi akajipangusa unga. Akatoa mfukoni ile karatasi yenye kichwa kibaya, iliyokuwa imeanza kuchakaa kwenye mikunjo, akamwonyesha nukta, akaanza kumweleza habari za sangara wa Kome. Alipomaliza kueleza aligundua kwamba kilichomleta pale amekisahau.

Mwezi wa tisa alikwenda tena kliniki. Kwenye benchi alimkuta Obedi, kofia imeshushwa mpaka puani, akiamini hajulikani, ingawa mikono yake ilikuwa imechukua nafasi ya watu watatu. Walipeana heshima kwa nyusi, kila mmoja na kikopo chake.

Baada ya muda Daktari Agutu alimwita Nkwabi ndani, na safari hii hakumwonyesha karatasi. Alimwonyesha hadubini. Akamwambia ainame, afumbe jicho moja, awe mtulivu.

Mwanzoni Nkwabi aliona ukungu, kama ziwa la asubuhi. Kisha mahali fulani kitu kikatikisika. Kikatikisika na kingine, chembamba, kina mkia, kinakwenda upande huu na kubadili mawazo. Alikuwa mtu anayeweza kuutazama mtumbwi ungali mbali akajua umebeba nini, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa.

"Wachache," alisema.

"Wachache," daktari akakubali. "Na nusu yao wanazunguka tu. Tulikotoka hakukuwa na hata mmoja. Mitumbwi imeshuka majini, baba. Uje tena baada ya miezi mitatu."

Nkwabi hakuinuka upesi. Daktari alimwacha aangalie, ingawa nje kulikuwa na foleni, na kwenye foleni kulikuwa na Obedi.

Alipofika Buswelu jua lilikuwa bado kali. Sabina na bibi Paskazia walikuwa barazani na ungo mmoja kati yao, wanachambua dagaa, wakitoa mawe madogo na mchanga. Sabina aliinua macho, akamsoma uso kama anavyosoma tepu, lakini hakuthubutu kuandika.

"Umeona nini?" aliuliza.

Nkwabi akachuchumaa. Siku hizi aliweza kuchuchumaa. Akaingiza mkono kwenye ungo, akachota dagaa kidogo, akawapunguza, akawapunguza tena, mpaka wakabaki watano au sita katikati ya kiganja, akamwonyesha.

"Hao tu?"

"Hao tu. Na wengine hawajui waelekee wapi."

Sabina alikitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Kisha akaokota dagaa mmoja, akamweka pembeni ya ungo, peke yake.

"Mimi nina haja ya mmoja," alisema.

"Wawili," alisema Paskazia, bila kuacha kuchambua. "Na mimi nilikunywa."

Nkwabi aliwarudisha wengine kwenye ungo, akaingia ndani. Wale wawili barazani wakamsikia akifungua mlango wa chumba cha manjano, halafu wakasikia chuma kikiburutwa kutolewa nje, kikisimama, mtu akihema, kikiburutwa tena. Mwaka jana angekibeba kwa mkono mmoja. Bibi alitaka kuliona jambo hilo kwa macho yake yaliyotibiwa, lakini Sabina akamshika mkono, akamwambia amwache mumewe afanye kazi.